Kirasimu na Utunzi wa Ukurasa katika Hadithi za Picha za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Hadithi za picha si ngeni katika Kiswahili. Wasomaji wa gazeti la Taifa Leo nchini Kenya walimjua Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo kadhaa. Wale wa Uhuru nchini Tanzania walimjua Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory, na jarida la Sani la Dar es Salaam liliwafanya Ndumilakuwili, Lodilofa na Kipepe kuwa majina ya mitaani. Pamoja na hayo, mhakiki wa fasihi anapozigusa kazi za aina hii, mara nyingi huzigusa kwa upande wa maudhui: ucheshi, dhihaka ya kisiasa, vituko vya maisha ya mjini. Fani inapofikiwa, hunukuliwa maneno yaliyomo katika viputo, yakachambuliwa kama mazungumzo ya tamthilia, kisha ikaongezwa sentensi moja au mbili kuhusu uhodari wa mchoraji. Ukurasa wenyewe, yaani namna picha zilivyogawanywa, zilivyopangwa na zilivyopewa ukubwa, hauhesabiwi kuwa sehemu ya utunzi.

Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Yanadai kwamba ukurasa wa hadithi ya picha hutungwa kabla ya kuchorwa, na kwamba mahali unapotungwa ni katika michoro midogo ya haraka ambayo mchoraji huifanya kwa penseli na aghalabu huitupa kazi ikishatiwa wino. Kwa kuwa hutupwa, wahakiki hawaioni. Na kwa kuwa hawaioni, hudhani kwamba haikuwapo. Hoja hii ina uzito wa pekee kwa Kiswahili, kwa sababu umbo la maneno na ada za mazungumzo ya lugha hii huudai ukurasa nafasi ambayo lazima itengwe mapema.

2.0 Istilahi

Waingereza huuita mchoro wa aina hii kwa jina la ukucha wa kidole gumba, kwa ajili ya udogo wake. Tafsiri sisisi ya jina hilo haifai: kwa Mswahili ukucha hauleti dhana ya mpango. Wajapani husema neemu, na kwao ndiyo hati ambayo mhariri huipitia na kuirudisha kwa masahihisho kabla ya mchoraji kuruhusiwa kugusa wino. Katika makala haya linatumika neno kirasimu (wingi: virasimu). Neno rasimu asili yake ni Kiarabu, ambamo rasm ni mchoro. Kiswahili cha leo kimelielekeza zaidi upande wa maandishi: rasimu ya katiba, rasimu ya hotuba, rasimu ya tasnifu. Likipewa kiambishi awali cha udogo linabeba maana zote mbili, ya mchoro na ya andiko lisilokamilika, na ndivyo kitu chenyewe kilivyo. Visehemu vya ukurasa vinaitwa visanduku, nafasi iliyo kati ya kisanduku na kisanduku ni mwanya, na duara linalobeba usemi wa mhusika ni kiputo.

Kirasimu kwa kawaida hakizidi ukubwa wa kiganja. Watu ni vijiti. Uso ni duara lenye mstari mmoja unaoonyesha unatazama wapi. Mahali penye giza hupakwa penseli bila kujali umbo. Karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, ikikunjwa mara tatu hutoa vyumba vinane vya milimita 74 kwa 105, na kila chumba hubaki na uwiano uleule wa karatasi nzima. Mchoraji wa jarida lenye ukubwa wa aina hiyo hana haja ya rula. Jarida likiwa na uwiano mwingine, mipaka ya kirasimu lazima ipimwe kwanza, kwani kirasimu kisicholingana na ukurasa wake huahidi nafasi ambayo haipo.

3.0 Kirasimu huamua nini

Katika hadithi ya picha wakati huhesabiwa kwa nafasi. Kisanduku kipana humfanya msomaji akawie. Visanduku vitatu vyembamba vilivyofuatana humharakisha, au humwonyesha kwamba siku zinapita. Scott McCloud, katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993, alieleza kwa kirefu jinsi msomaji anavyoujaza mwanya kwa fikra zake: analoliona kabla na analoliona baada ya mwanya huliunganisha mwenyewe kuwa tendo moja. Ikiwa hivyo ndivyo, basi uamuzi wa wapi mwanya ukae ni uamuzi wa kisimulizi, sawa na ule wa mwandishi wa riwaya anapochagua kuruka usiku mzima na kuanza sura mpya asubuhi. Uamuzi huo haufanywi wakati wa kutia wino. Wakati huo mistari ya visanduku imekwisha kupigwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Marekani. Harvey Kurtzman alipohariri majarida ya vita ya Two-Fisted Tales, yaliyoanza mwaka 1950, na Frontline Combat, yaliyoanza mwaka 1951, hakuwapa wachoraji wake maandishi matupu. Aliwachorea mpango wa kila ukurasa, wenye visanduku, mikao ya wahusika na mahali pa maneno, na akataka ufuatwe kama ulivyo. Si wachoraji wote waliofurahishwa na sharti hilo, na malalamiko yao yanaeleweka: mkono uliotia wino ulikuwa wao, lakini utunzi wa ukurasa ulikuwa wa Kurtzman. Katika kampuni ya Marvel miaka ya 1960 mambo yaligeuka. Mchoraji alipewa muhtasari mfupi wa kisa, akapanga na kuchora kurasa zote, ndipo mwandishi akajaza maneno. Ubishi kuhusu nani alikuwa mtunzi wa kazi hizo, Stan Lee au Jack Kirby, haujatulia hadi leo, na kiini chake ni swali hilihili la nani aliyeugawa ukurasa.

Mfano wa tatu unahusu kazi iliyokuwa na andiko refu na la kina. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons ilitolewa katika matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, na kurasa zake nyingi zimejengwa juu ya visanduku tisa, safu tatu zenye vitatu kila moja. Sura ya tano ina kurasa 28 zilizopangwa kama kitu na kivuli chake kiooni: ukurasa wa kwanza unalingana na wa mwisho, wa pili na wa kabla ya mwisho, hadi kurasa za 14 na 15 zinazokutana katikati ya toleo. Baadhi ya virasimu vya Gibbons vilichapishwa mwaka 2008 katika Watching the Watchmen. Anayevitazama anaona kwamba maelezo ya Moore, pamoja na urefu wake, bado yalihitaji kutungwa mara ya pili kwa penseli. Ulinganifu wa namna ile hauwezi kupatikana kwa kumaliza ukurasa mmoja ndipo uanzwe mwingine. Ni lazima kurasa zote 28 zionekane mezani kwa mara moja, na hilo linawezekana tu zikiwa ndogo.

4.0 Mfano: Abunuwasi na sufuria

Ili hoja isibaki hewani, itazamwe hekaya inayojulikana na kila msomaji wa Kiswahili. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha pamoja na kisufuria kidogo, akisema kwamba sufuria imezaa. Jirani anavipokea vyote viwili kwa furaha. Abunuwasi anaazima tena, safari hii sufuria kubwa zaidi, na siku zinapita. Jirani anapokuja kuidai anaambiwa kwamba imekufa.

Kirasimu ambacho mchoraji mwanagenzi hukifikia kwanza ni ukurasa mmoja wenye visanduku sita vilivyo sawa, tendo moja kwa kila kisanduku. Kinaonekana kutimiza kila kitu, lakini kina kasoro mbili. Kwanza, jicho huuona ukurasa mzima kabla ya kuanza kuusoma. Sura ya Abunuwasi aliyeshika tama katika kisanduku cha sita itamfikia msomaji akiwa bado kwenye cha kwanza, na taharuki itakuwa imevuja. Pili, ukubwa ulio sawa huyapa matendo yote uzito ulio sawa, ilhali katika kisa hiki tendo moja ndilo linalobeba mengine. Ni pale jirani anapokubali. Asingekubali kwamba sufuria huzaa, asingenaswa na habari kwamba sufuria hufa. Kisanduku hicho kinastahili kuwa kikubwa kuliko vyote, na hakihitaji maneno: mtu mmoja, sufuria mbili, na macho yake yakiwa kwenye ile ndogo.

Kirasimu cha pili kinazitumia kurasa nne. Ukurasa wa kwanza, ulio upande wa kulia, unaishia kwa kisanduku hicho kipana kilichotandazwa chini kutoka ukingo hadi ukingo. Msomaji anafunua. Kurasa za pili na tatu zinatazamana: sufuria kubwa inatolewa, kisha vinafuatana visanduku vitatu vyembamba vya jirani akichungulia juu ya ua, mara mchana, mara usiku, mara mchana tena. Chini kabisa ya ukurasa wa tatu jirani yuko mlangoni, na Abunuwasi anaonekana kwa mgongo tu. Msomaji anafunua tena, na jibu linampokea juu ya ukurasa wa nne. Hapa tendo la mkono wa msomaji limefanywa kuwa sehemu ya mchezo, kama vile mtambaji anavyokohoa kidogo kabla ya kuitoa siri.

Jambo jingine linajitokeza katika kirasimu hiki ambalo andiko peke yake lisingeliibua. Mara ya kwanza Abunuwasi hafiki mlangoni bila kubisha hodi, naye hawezi kupokea sufuria kabla ya kukaribishwa na kuulizwa habari za nyumbani. Salamu hizo hula viputo vinne, au vitatu kwa uchache. Mchoraji anayeiga kurasa za kigeni huziondoa ili kuokoa nafasi, na wahusika wake wanageuka kuwa watu wasio na adabu bila yeye kukusudia. Mchoraji makini atazitengea kisanduku kimoja mwanzoni, kisha katika ukurasa wa tatu atamleta jirani bila hodi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba mtu huyo amekuja kwa shari.

Mhariri akisema zipo kurasa mbili tu, na ndivyo wahariri wasemavyo, kazi haianzi upya. Visanduku vya uani vinaondoka, salamu zinabanwa, lakini kurasa mbili hizo zinaombwa ziwe mbele na nyuma ya karatasi moja, si za kutazamana, ili kufunua kubaki. Ukurasa wa kwanza utaishia mlangoni. Majadiliano yote haya yamegharimu karatasi moja iliyokunjwa na saa moja ya penseli. Yangefanywa juu ya kurasa zilizokwisha kutiwa wino, yangegharimu siku kadhaa za kazi.

5.0 Nafasi ya maneno

Suala la viputo linahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana hapa ndipo kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya lugha nyingine zinapopungua. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, yambwa na minyambuliko ndani ya neno moja. Neno hawatakutambulisha ni sentensi kamili, lina silabi nane na herufi 18, na halina pa kukatwa isipokuwa kwa kistari. Katika Kiingereza maana hiyo ingesambazwa kwenye maneno matano yanayoweza kushushwa mstari kwa mstari ndani ya kiputo chembamba. Katika Kiswahili kiputo hakiwezi kuwa chembamba kuliko neno lake refu kuliko yote. Kanuni ya kazi inayotokana na hali hii ni nyepesi: kabla ya kuchora mtu yeyote ndani ya kisanduku, liandikwe neno refu kuliko yote kwa ukubwa wa herufi utakaotumika, na upana wake upunguzwe kwa kipimo cha kirasimu. Kilichobaki ndicho cha kuchorea.

Kukata neno kwa kistari kunawezekana, kwa kuwa silabi za Kiswahili nyingi ni wazi na mipaka yake haina utata. Lakini kiputo ni sauti, na sauti iliyokatwa husikika kama kigugumizi. Njia bora ni kuyarudia maneno yenyewe. Badala ya hawatakutambulisha kwake, mhusika anaweza kusema nani atakutaja? Usemi wa pili ni mfupi, tena uko karibu zaidi na mdomo wa mtu aliyekasirika. Kwa hiyo ufinyu wa kisanduku hauiharibu lugha kila mara; pengine huisukuma kuelekea mazungumzo halisi. Jambo la kuzingatia ni kwamba masahihisho hayo ya lugha yamefanywa na penseli ya mchoraji, katika kirasimu, na mhakiki anayesoma viputo kama tamthilia hawezi kujua yalitokea.

Kwa upande wa pili, Kiswahili humpa mchoraji akiba ambayo lugha nyingi hazina kwa wingi huo, nayo ni tanakali za sauti. Mtu huanguka pu, au tifu, au chubwi, na kila tanakali humwambia msikilizaji ameangukia nini: ardhi, mchanga au maji. Kisanduku chembamba chenye neno chubwi na mawimbi mawili ya duara kimekwisha kusimulia. Haihitajiki kumchora mtu wala kuuchora mto. Uamuzi wa kuliachia neno kazi ya picha, au picha kazi ya neno, hufanywa katika kirasimu. Ukicheleweshwa, vyote viwili huchorwa na jambo moja likasemwa mara mbili. Kasoro hii ya kusema mara mbili ni ya kawaida mno, na hujulikana kwa urahisi: kiputo kinasema naanguka na mtu anaonekana akianguka.

Mpangilio wa viputo una sharti lake pia. Kwa kuwa hati ya Kirumi husomwa kutoka kushoto, anayesema kwanza hana budi kusimama kushoto, au kiputo chake kipandishwe juu ya cha mwenzake. Laiti hadithi hizi zingeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyoandikwa tendi za kale za mwambao, kila kitu kingegeuka: msemaji wa kwanza angekaa kulia, na taharuki ingeishia kwenye ukurasa wa kushoto, kama ilivyo katika vitabu vya picha vya Kijapani.

6.0 Wanaochora bila virasimu

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba wapo wachoraji mashuhuri wasiotumia virasimu. Mfaransa Jean Giraud, aliyejulikana kwa jina la Moebius, alianza mwaka 1976 kuchapisha Le Garage hermétique katika jarida la Métal hurlant sehemu kwa sehemu, akibuni kisa kadiri alivyoendelea, bila kujua kingeishia wapi. Kazi hiyo inasifiwa hadi leo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba alichokiacha huru ni mwendo wa kisa, na kwamba sehemu zake zilikuwa za kurasa chache tu, ambazo mchoraji wa uzoefu wake aliweza kuzishika kichwani.

Hali ya mchoraji wa gazeti la kila siku inafanana na hiyo kwa njia nyingine. Amepewa safu moja yenye visanduku vitatu au vinne ambavyo havibadiliki. Umbo lenyewe ni kirasimu alichokabidhiwa, na baada ya miaka michache hahitaji kukichora. Hatari hutokea mchoraji huyo anapopewa ukurasa mzima wa jarida. Akiupanga kama safu nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila safu ikiwa na kichekesho chake, ukurasa utakuwa na miisho minne na hautakuwa na mwisho. Si kosa la uchoraji, maana kila picha inaweza kuwa nzuri. Ni kosa la utunzi.

7.0 Kirasimu kama matini

Georges Remi, maarufu kwa jina la Hergé, alifariki tarehe 3 Machi 1983 akiwa hajaikamilisha hadithi ya mwisho ya Tintin. Mwaka 1986 michoro yake ya maandalizi ilichapishwa kwa jina la Tintin et l'Alph-Art: kurasa 42 za penseli na kalamu, nyingine zikiwa na nyuso kamili, nyingine zikiwa vijiti na mikwaruzo. Mjane wake hakuruhusu mchoraji mwingine aikamilishe. Katika ukurasa wa mwisho Tintin anaongozwa kwa bastola kwenda kumiminiwa plastiki na kugeuzwa sanamu, na michoro inakoma hapo. Wasomaji wameisoma kazi hiyo wakacheka na wakaingiwa na hofu mahali panapostahili, ingawa hakuna kisanduku kilichotiwa rangi. Kilichokosekana ni umaliziaji. Mgawanyo wa wakati, mikao, mazungumzo na taharuki ya mwisho wa ukurasa vilikuwapo tayari.

Kwa mtafiti wa Kiswahili hitimisho la kimbinu ni kwamba virasimu vya wachoraji wa hapa vinastahili kukusanywa kama miswada ya waandishi inavyokusanywa. Anayekwenda nyumbani kwa mchoraji aulizie madaftari ya watoto, migongo ya barua na pembe za magazeti, kwani huko ndiko vilikochorwa. Na kila kimoja kiandikiwe tarehe, kipimo na ukurasa uliotokana nacho. Pale ambapo vimekwisha kupotea, ukurasa wa asili bado unaweza kusema. Ukiinuliwa kwenye mwanga, penseli iliyofutwa chini ya wino huonekana, na pengine chini ya kiputo huonekana mkono uliokuwa umechorwa kwanza. Upo pia ushahidi usiohitaji asili, unaopatikana katika nakala yoyote iliyochapishwa: kiputo kilichoanza kwa herufi kubwa zilizoachana vizuri, kikaishia kwa herufi zilizobanana kwenye ukingo wa kisanduku, silabi ya mwisho ikiwa imepinda kuelekea chini.